Kuamsha Msuli wa Ndugu Yangu

Niliondoka Kalamba asubuhi moja bila mpango. Mama alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo, miguu ameinyoosha mbele, na aliponiona nimebeba mfuko wangu hakuuliza ninakwenda wapi. Aliacha kuniuliza nilipokuwa na miaka kumi na minne. Alisema tu, "Kuna viazi vitamu kwenye sufuria. Chukua viwili."

Nikachukua vitatu.

Kusema kweli, mpango sikuwa nao lakini ujumbe nilikuwa nao. Ulikuwa umekaa kwenye simu yangu siku tatu bila jibu. Ulitoka kwa mwanamke anayefanya utafiti katika maabara moja mjini Kitui. Mimi humwita daktari, naye kila mara hunikatalia, husema hajawahi kumdunga mtu sindano. Aliandika: "Habari ya siku nyingi. Alhamisi tunaamsha seli za marehemu. Vimebaki vichupa viwili. Aliomba uwepo." Asubuhi hiyo ilikuwa Jumatano. Nilijiambia ninatembea tu, kama kawaida yangu, na kwamba nikifika njia panda nitaamua. Njia panda nilizipita nne, na kila moja miguu iliamua kabla yangu.

Marehemu ni ndugu yangu. Alizaliwa miaka mitatu baada yangu. Alipokuwa mdogo kila mtu aliisifu miguu yake, kwa sababu mashavu ya miguu yalikuwa makubwa na magumu, na jirani yetu mmoja aliapa kwamba huyu atachezea timu ya taifa. Hakuna aliyejua kwamba ule unene ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Kisha akaanza kuanguka. Kuinuka kwake kulikuwa na mtindo: anapiga magoti, anashika vifundo vya miguu, halafu anajipanda mwenyewe mkono kwa mkono, magoti, mapaja, kiuno, kama mtu anayepanda nguzo ambayo ni yeye. Tulidhani ni mchezo. Mimi nilimwiga mbele ya watu nje ya kanisa, wakacheka, naye akacheka. Hilo hunirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Alipofika darasa la nne miguu ilikataa kabisa, nikawa nampeleka shuleni kwa wilbaro. Watu husema niliacha shule kwa ajili yake. Si kweli, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasahihisha. "Huyu aliacha kwa sababu ya dirisha," alikuwa akisema. "Akiona lori linapita, anasahau hata jina la mwalimu." Nilipoacha, binamu zetu ndio waliosukuma wilbaro.

Mimi nikaanza kuzunguka. Nimechimba mitaro, nimepakia mchanga, nimeuza miwani ya jua, nimewaswaga punda wa watu wanaouza maji, na nimekaa miezi miwili kwa fundi wa redio ili tu nijue sauti inaingiaje mle ndani. Kila niliporudi nyumbani ndugu yangu alikuwa na daftari mapajani. Alitaka kujua kila kitu, lakini swali la kwanza lilikuwa lile lile siku zote.

"Maji ya huko ni ya chumvi?"

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na kila mahali pana chumvi yake. Yeye aliandika jina la mahali, na mbele yake: tamu, au chumvi kidogo, au chumvi ya kuharibu chai. Kwa hiyo popote nilipofika, kabla ya kutafuta kazi au pa kulala, nilikunywa maji, nikayashikilia mdomoni kidogo ili nisije nikamdanganya.

Simu ya kifo chake ilinikuta Mutomo, ndani ya mtaro wa bomba. Kifua chake kilikuwa kimechoka, kwa sababu kupumua nako ni kazi ya misuli. Maji ya pale Mutomo tulipokuwa yalikuwa na chumvi iliyochanganyika na kitu kama chuma, ladha ambayo haikuwemo kwenye daftari letu hata mara moja, na nilikuwa nimeshatunga namna ya kumweleza. Nilifika nyumbani na maelezo yangu nikakuta viti vya kukodi vimepangwa uani.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Tangu siku hiyo nimepita miji mingi, ila Kitui niliukwepa. Nilikuwa nikijua kwamba kipande chake kiko huko.

Pale mjini Wote nilipata lori lililokuwa likienda soko la Tulia, upande wa Kitui, kuchukua ndengu. Dereva alikuwa mtu mnene aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile. Aliniambia nipande mbele nizungumze naye, kwa sababu akinyamaza anasinzia.

"Kitui unaenda kufanya nini?" akauliza.

"Kumwona ndugu yangu."

Maneno yalitoka yenyewe na sikuweza kuyarudisha.

"Anafanya kazi huko?"

"Yuko maabara. Na watafiti."

"Wee! Ameandikwa?"

"Ni miaka mitatu sasa yuko nao."

"Halafu wewe unazunguka na mfuko mgongoni kama mhubiri." Aligonga usukani. "Mwambie akutafutie kazi, hata ya kufagia. Mtu ana ndugu ndani ya ofisi na bado analala njaa! Ni wa mama mmoja?"

"Wa mama mmoja."

"Basi hawezi kukukataa. Mwambie, usione haya."

"Nitamwambia."

Aliendelea kunishauri mpaka tukavuka Mto Athi. Nilimwacha aseme. Ilikuwa muda mrefu sijakaa na mtu anayemzungumzia ndugu yangu kama mtu mwenye kesho.

Kipande chenyewe kilitoka hivi. Akiwa na miaka kumi na tisa alianguka kutoka kwenye kiti, paja likavunjika. Kabla ya upasuaji, huyu mwanamke wa maabara alikuja kitandani kwake akaomba ruhusa. Alieleza kwamba mfupa ukishafunguliwa, daktari mpasuaji anaweza kuchukua msuli kidogo, kama punje ya harage, nao wataupeleka maabara, wazitenganishe seli zake, wazikuze kwenye visahani, nyingine wazigandishe. Alieleza kwamba hazitamponya yeye. Zingewasaidia kuujua ugonjwa na kujaribu dawa juu ya seli za mtu mwenye ugonjwa huo hasa. Ndugu yangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kata," akamwambia. "Lakini usipime kwa kilo."

Muuguzi ilibidi atoke nje acheke.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, kwa bahati, na mama alikuwepo na kiondo chake, maana mama husuka hata hospitalini. Nilimuuliza yule mwanamke maswali mpaka akavuta kiti. Ugonjwa unatoka wapi? Kwa nini yeye na si mimi? Alisema mwilini mna maandishi marefu sana yanayoeleza jinsi ya kutengeneza protini moja, kama kamba, inayoufunga msuli kwenye ngozi yake ya ndani ili usichanike unapovuta. Kwa ndugu yangu kipande cha maandishi hayo hakipo, na kila kinachofuata baada ya pengo hilo kinasomeka ovyo. Mama alikuwa nayo nakala nzima moja na yenye pengo moja. Mimi nilipewa nzima.

Mama aliacha kusuka. "Ni kama kuruka uzi," akasema.

"Vipi, mama?" yule mwanamke akauliza.

"Ukisuka maua ya rangi unahesabu nyuzi. Ukiruka moja, maua yote ya mbele yanapinda, hata kama mkono hukosei tena." Kisha akatazama mikono yake. "Kwa hiyo mkono ulioruka ni wangu."

"Hapana, mama," yule mwanamke akamwambia. "Hakuna mkono hapo. Hata wewe ulipewa hivyo hivyo, au pengo lilitokea tu."

Mama alivuta mistari michache, halafu akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba kosa likiwa nyuma sana yeye hafumui. Anaruka nyuzi nyingine kwa makusudi, mpaka hesabu ikae sawa na maua yarudi mahali pake. Kiondo kinakuwa kidogo, lakini kinabeba.

Yule mwanamke aliweka kalamu chini. "Mama," akasema, "hicho ndicho tunachotaka kujaribu kwenye hizo seli."

Nadhani ni siku hiyo niliyoanza kumwita daktari.

Nilifika maabara saa tisa alasiri. Ni chumba kimoja kirefu nyuma ya madarasa ya chuo, chenye madirisha ya kijani kibichi. Daktari alinitambua kabla sijasema jina.

"Hukujibu ujumbe," akasema.

"Nimekuja mwenyewe kujibu."

"Vilikuwa vichupa vitatu. Cha kwanza tulikifungua mwaka jana, hakikuamka. Nilikupigia sana. Simu ilikuwa imezimwa."

Nilikumbuka. Niliizima kwa mwezi mzima nikijisemea ninapumzisha betri.

Akanieleza kilichokuwa mbele yetu, taratibu, kama anavyoeleza. Seli hizi zimeganda tangu zilipokuwa changa. Ukiziamsha, baadhi hufa. Zilizo hai huzama chini na kushika kisahani, na zisiposhika kufikia kesho yake, basi. Zikishika zinalishwa, zinaongezeka, na zikishajaa unazipunguzia chakula. Hapo zinaacha kuongezeka, zinaungana, zinakuwa nyuzi za msuli. Ndipo wangeweza kujaribu dawa yao ya kuruka maandishi, kama mama anavyoruka nyuzi.

"Na hizo nyuzi," nikauliza, "zinavuta?"

"Nyingine hutikisika zenyewe. Si zote, na si kila mara."

"Nataka kuona msuli wake ukivuta. Hiyo tu. Nikiona, naenda zangu."

"Sikuahidi," akasema. "Kwanza zishike. Njoo kesho saa tatu."

Mlinzi wa kanisa moja karibu na soko aliniruhusu kulala kwenye veranda. Alinipa kikombe cha maji, nikamshukuru na kukiweka chini. Ilikuwa mara ya kwanza kufika mahali nisionje maji. Niliona nikionja nitakuwa ninamdhihaki ndugu yangu.

Inafaa niseme sasa kuhusu ng'ombe. Zamani nilifanya kazi upande wa Makueni na daktari wa mifugo, yule anayezunguka kwa pikipiki akipandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Kazi yangu ilikuwa kushika mkia na kubeba mtungi. Ndani ya mtungi huo mna naitrojeni, maji baridi kuliko kitu chochote nilichowahi kukaribia, na ukifunua kifuniko hutoka moshi mweupe unaoanguka chini badala ya kupanda. Moshi unaoanguka! Ningeachaje? Daktari alipoingia kwa watu kunywa chai, mimi nilifunua. Nikakiinua kikopo chenye mirija ya mbegu, nikaitazama kwenye jua, nikaigeuzageuza, nikairudisha taratibu kwa heshima. Sikujua kwamba sekunde chache za joto zinatosha kuziua. Msimu ule ng'ombe wa vijiji vitatu hawakushika mimba, na mzee mmoja alisimama sokoni akapaza sauti, "Ng'ombe wangu amepewa baridi tu!" Niliondoka eneo hilo bila kuaga.

Ndugu yangu alipousikia mkasa huo alicheka mpaka mama akaja kumkalisha vizuri apate pumzi. Tangu siku hiyo aliniita Daktari Baridi.

Kwa hiyo Alhamisi saa tatu, nilipouona mtungi kwenye kona ya maabara, nilisimama mbali nao. Ulikuwa uleule wa ng'ombe, mkubwa zaidi tu, na ndugu yangu alikuwa ndani yake. Daktari alikuwa amenivalisha koti jeupe na glavu. Alifungua faili akanionyesha fomu ambayo ndugu yangu aliitia sahihi hospitalini. Chini kabisa, palipokuwa na nafasi tupu, aliandika kwa ule mwandiko wake mkubwa unaoinama, kwa sababu mkono wake ulikuwa ukichoka njiani:

"Mkiziamsha, mwiteni kaka yangu. Anapenda kuona vitu. Lakini asishike chochote. Waulizeni ng'ombe wa Makueni."

"Nimekaa na swali hili miaka mitatu," daktari akasema. "Ng'ombe gani?"

Nikamweleza. Alicheka kwa sauti, kisha akachukua utepe mwekundu akabandika mstari sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye mtungi.

"Mwisho wako hapo, Daktari Baridi."

Sikuwa nimemtajia jina hilo. Ndugu yangu alikuwa amemtajia.

Alifunua. Moshi ukamwagika ukaanguka sakafuni, ukaja mpaka kwenye mstari wangu ukapotea. Alitoa kichupa kidogo kama kidole changu cha mwisho na papo hapo akakitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, akikizungusha, macho yake hayatoki hapo. Kugandisha hufanywa polepole, aliniambia, lakini kuamsha hufanywa haraka. Kilipobaki kipande kidogo cha barafu alikipeleka ndani ya kabati la kioo lenye hewa safi, akamimina kwenye maji mekundu mepesi, tone kwa tone. Mikono yangu nilikuwa nimeishikanisha nyuma kama mtoto aliyeonywa dukani.

"Hayo maji ni nini?"

"Chakula chao. Sukari, chumvi, na majimaji ya damu ya ndama."

"Ya ndama?"

"Ya ndama. Ng'ombe wamekusamehe."

Aliweka kisahani chini ya hadubini na kuniita. Nilitazama. Nilitarajia nini, sijui. Niliona vitone vya mviringo vinavyong'aa, vinaelea, kama ndengu ndani ya maji ya kuoshea. Hakuna kimoja kilichofanana naye. Nilitafuta, nikitambua upumbavu wa kutafuta, nikaendelea.

"Ni hai?" nikauliza.

"Hatujui. Nyingine ni hai, nyingine ni maganda tu. Kesho."

Alikifungia kisahani kwenye kabati la joto, joto lile lile la mwili wa mtu. Siku hiyo nilitembea Kitui yote bila kuiona. Nilipita sokoni, nikasimama mahali wanapofua vyuma, mahali ambapo siku nyingine ningekaa mpaka jioni nikiuliza maswali, na sikuuliza hata moja. Niliogopa kwa namna ya kijinga. Nilifikiri: nimezitazama. Kila kitu baridi nilichowahi kukitazama kilikufa.

Ijumaa daktari alifika kabla yangu. Uso wake haukuonyesha kitu. Wanafundishwa hivyo, nadhani. Akaniambia, "Una sekunde thelathini, kisha nazirudisha kwenye joto. Hazipendi kukaa nje."

Niliinamia hadubini, nikaanza kuhesabu.

Vile vitone vilikuwa vimejinyoosha. Si vyote, vingine vilikuwa vimeelea pembeni, vimekufa. Lakini kwenye sakafu ya kisahani kulikuwa na vitu virefu vyembamba, vimechongoka pande mbili, vimeshika. Kimoja kilikuwa kimenyoosha ncha kuelekea kingine bila kukifikia. Nilijua kuwa hakinijui. Nilijua ni kipande cha paja kisicho na masikio. Lakini kilikuwa kikiishi, sasa hivi, Ijumaa hii, na kilitoka kwa mama yetu kama nilivyotoka mimi, na kilikuwa kikijaribu kufika mahali. Ndugu yangu hakuwahi kujinyoosha hivyo nikimwona.

Nilipofika ishirini nikajiondoa mwenyewe.

"Bado una kumi," daktari akasema.

"Zirudishe ndani."

Alizirudisha. Kisha akavua glavu, akaketi kwenye kiti cha magurudumu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa hajalala vizuri. "Zimeshika," akasema. "Wiki mbili, pengine na siku chache. Tukizipunguzia chakula, tutajua kama zinavuta."

Nilimpigia mama nikiwa palepale nje ya mlango. Nilimweleza yote: zimeamka, zimeshika, zinalishwa kila baada ya siku mbili. Nilisikia kuku.

"Na Jumapili?" akauliza.

"Jumapili nini, mwaitu?" nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Jumapili nani huwalisha? Watu wakienda kanisani?"

Nilichungulia ndani nikamuuliza daktari. "Mwambie mama Jumapili nalisha mimi mwenyewe," akasema. "Baada ya ibada ya kwanza."

Nikamwambia. "Basi ni mtu wa watu," mama akasema. "Na wewe unarudi lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili mahali pamoja? Wewe?"

"Mimi."

"Uko salama lakini?"

Nikamwambia niko salama, nikaenda kutafuta chumba.

Si kawaida yangu kutafuta chumba. Mimi hulala ninapofikiwa na usingizi. Lakini mtu anayesubiri huhitaji mlango wa kufunga na kufungua, vinginevyo siku hazihesabiki. Karibu na msikiti nilielekezwa kwa bibi mmoja wa Kiislamu anayeuza vitambaa, ambaye babu zake walitoka pwani wakafuata biashara mpaka Kitui na hawakurudi tena. Nyuma ya duka lake kulikuwa na vyumba vitatu. Alinitazama viatu kwanza, kisha mfuko, kisha uso.

"Unakaa siku ngapi?"

"Wiki mbili, bibi. Kama si zaidi."

"Una mgonjwa hospitali?"

"Ni ndugu yangu, lakini hayuko hospitali."

"Yuko wapi basi?"

"Yuko kwenye kabati, pale chuoni. Jana walimtoa kwenye barafu."

Alishika kifua. "Innalillahi! Pole sana, mwanangu. Mnazika lini?"

"Tulishamzika, bibi. Miaka miwili."

Alirudi nyuma hatua moja, na nikaona kwamba nisipojieleza haraka nitalala verandani tena. Nikaketi kwenye gunia la vitambaa nikamweleza kila kitu, kuanzia paja na punje ya harage mpaka vile vitu vyembamba vilivyoshika. Mteja mmoja aliingia, akasikiliza, akasahau alichokuja kununua. Bibi alisikiliza mikono mapajani.

"Kwa hiyo unangoja msuli wa marehemu ucheze," akasema mwisho.

"Ndiyo."

"Na usipocheza?"

Nilikuwa sijajiuliza hilo kwa sauti. "Nitakuwa nimekaa naye wiki mbili," nikasema. "Alipokuwa hai, tangu nianze kuzunguka, sikuwahi kumaliza hata moja."

Alichukua ufunguo ukutani. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari mmoja mlangoni, na dirisha linalotazama ukuta, hakuna lori litakaloonekana hapo. Alinionyesha bomba uani na kuniachia kikombe cha bati.

Nilitundika koti langu kwenye msumari. Kisha nikatoa kitu nilichokibeba miaka miwili bila kukifungua, lile daftari, nikalifungua ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wake. Chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtu wa darasa la saba: Mutomo, chumvi na chuma. Halafu nikatoka uani, nikakinga maji kikombe kizima, nikanywa, nikayashikilia mdomoni muda wa kutosha.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa duka akinitazama.

"Vipi maji yetu?" akauliza.

"Chumvi kidogo," nikasema, nikarudi ndani kuandika.